Gesi iliyo chini ya sakafu yako ni ya nani? Waingereza walivyogombana hadi waziri mkuu akaanguka

Wadau, Oktoba 2022 nilikuwa field kwenye chumba cha habari cha gazeti moja hapa Dar. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri habari za ukurasa wa kimataifa. Usiku wa Jumatano, tarehe 19, zikaanza kuingia habari kutoka London ambazo mhariri wangu alidhani nimezitafsiri vibaya. Wabunge wa chama tawala wanadaiwa kusukumwa na kuvutwa ili wapige kura ya upande wa serikali. Waziri wa mambo ya ndani amejiuzulu siku hiyo hiyo. Mnadhimu mkuu wa chama, hakuna anayejua kama bado yuko kazini au ameacha. Alasiri ya kesho yake waziri mkuu Liz Truss akatoka mlangoni pake, akasimama mbele ya kamera na kutangaza kuwa anaondoka. Ilikuwa siku yake ya 45 tu madarakani.

"Kwani hiyo kura ilikuwa ya nini?" mhariri akaniuliza. Nikamwambia ni ya gesi. Akacheka, akasema niandike kuwa ni mgogoro wa uchumi, maana wasomaji hawatanielewa. Kwa kiasi fulani alikuwa sahihi: kilichomlemaza Truss ni ile bajeti yake ndogo ya Septemba iliyotikisa masoko. Lakini kilichommalizia ni gesi, na mimi tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kidogo kidogo ilikuwaje gesi ambayo haikuwahi kuuzwa hata kwa jiko moja ikavuruga siasa za nchi kubwa kwa miaka zaidi ya kumi.

Kwanza tuelewane ni gesi ya namna gani. Ile tuliyoizoea sisi, ya Songo Songo na Mnazi Bay, imekaa kwenye mwamba wenye vinyweleo. Ukitoboa kisima inapanda yenyewe. Kuna nyingine imebanwa ndani ya mwamba mgumu uliotokana na tope la kale, na hiyo hata ukitoboa haitoki. Kinachofanyika ni kuchimba kwenda chini sana, kisha kugeuza kisima kilale ubavu, halafu kusukuma maji yaliyochanganywa na mchanga na kemikali kwa nguvu kubwa mpaka mwamba unapasuka nyufa ndogo ndogo. Mchanga unazuia nyufa zisijifunge, gesi inapita. Wenyewe wanaita frakingi. Mimi nitasema kupasua mwamba. Malalamiko yake yanafahamika: maji ya kunywa kuchafuliwa, maji machafu yanayorudi juu, gesi inayovuja hewani, na ardhi kutikisika.

Waliofanikiwa ni Wamarekani. Kampuni ya George Mitchell ilihangaika miaka mingi na miamba ya Barnett kule Texas, ikapata njia ya bei nafuu mwishoni mwa miaka ya 1990, na serikali nayo ilikuwa imeweka fedha za utafiti tangu miaka ya 1970. Mwaka 2005 Bunge la Marekani likaiondoa kazi hiyo, isipokuwa inapotumia dizeli, kwenye sheria ya kulinda maji ya kunywa. Kilichofuata ni mafuriko ya gesi.

Lakini kuna jambo moja la Marekani ambalo wanasiasa wa London walilipita haraka mno. Kule mwenye shamba mara nyingi ndiye mwenye kilicho chini ya shamba. Pennsylvania ina sheria ya mwaka 1979 inayosema mwenye ardhi asipate mrabaha chini ya asilimia 12.5. Kwa hiyo kampuni ikija kijijini inamkuta mtu mwenye kitu cha kuuza. Sisemi mambo yalikuwa mazuri, maana wapo waliouza kwa bei ya kutupwa, wapo waliolalamikia visima vyao vya maji, na jimbo la New York lenyewe likatangaza kupiga marufuku Desemba 2014. Ila walau kulikuwa na mtu wa kusema ndiyo au hapana, na ndiyo yake ilikuwa na bei.

Uingereza si hivyo. Sheria ya mwaka 1934 iliweka mafuta na gesi yote ya ardhini mikononi mwa Taji. Wewe una nyumba, una bustani, lakini gesi iliyo chini yake ni ya Mfalme, maana yake serikali. Serikali ikitoa leseni, faida inagawanywa kati ya hazina na kampuni. Kinachobaki kwako ni malori yanayopita na vikombe vinavyogongana kabatini.

Na vilitikisika kweli. Aprili 2011 kampuni ya Cuadrilla ilikuwa inapasua mwamba Preese Hall, karibu na Blackpool, kaunti ya Lancashire, ardhi ikatikisika kwa kipimo cha 2.3. Mei likaja la pili, 1.5. Kwa mtu wa Bukoba aliyeona tetemeko la 2016 hizo namba ni za kuchekesha, lakini Blackpool hawakuzoea kutikiswa na kampuni. Kazi ikasimamishwa, ikaruhusiwa tena Desemba 2012 kwa sharti kali: tetemeko likifika 0.5, mashine zizimwe.

Kuanzia hapo serikali ya David Cameron ikaingia mzima mzima. Nayo ilikuwa na hoja, tusiidharau. Gesi ya Bahari ya Kaskazini ilikuwa inapungua na tangu 2004 nchi ilikuwa inaagiza zaidi ya inayouza. Juni 2013 wataalamu wa jiolojia wa serikali walikadiria kuwa miamba ya Bowland, kaskazini mwa England, ina futi za ujazo trilioni 1,300 za gesi. Hiyo ni gesi iliyomo, siyo inayoweza kutolewa, ila ukiwa waziri unayetafuta habari njema tofauti hiyo haikunyimi usingizi. George Osborne akashusha kodi ya gesi hiyo kutoka asilimia 62 hadi 30. Januari 2014 Cameron akatangaza kuwa wanaenda nayo kwa nguvu zote, na halmashauri zitakazokubali zitabaki na kodi yote ya majengo ya biashara kutoka kwenye visima badala ya nusu. Makampuni yakaahidi pauni 100,000 kwa kila kisima cha majaribio kitakachopasuliwa, na asilimia 1 ya mapato baadaye.

Mwezi Julai 2013 Lord Howell, waziri wa zamani wa nishati na baba mkwe wa huyo huyo Osborne, alisimama kwenye Bunge la Malodi akapendekeza kazi hiyo ipelekwe kaskazini mashariki, kwenye maeneo matupu. Akaomba radhi. Kisha akaeleza kuwa alikusudia kaskazini magharibi! Lancashire iko kaskazini magharibi. Nadhani kwa watu wa kule hakuna kipeperushi cha wanaharakati kilichofanya kazi kama sentensi ile.

Halafu kikaja kikwazo cha sheria, na hapa ndipo ninapopapenda. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilimaliza kesi ya kampuni ya Bocardo, iliyokuwa ya tajiri Mohamed Al-Fayed, yule aliyekuwa na duka la Harrods. Kampuni ya mafuta ilikuwa imepitisha visima kwa mshazari chini ya shamba lake la Surrey bila kumwomba. Majaji wakasema ndiyo, huko ni kuingia kwenye mali ya mtu bila ruhusa, hata kama ni mamia ya mita chini. Fidia? Pauni 1,000. Bwana mkubwa alipata hela ya kununua suti moja dukani kwake kwa zamani, lakini kanuni ilibaki: mafuta ni ya Taji, ila njia ya kuyafikia inapita kwako, na lazima uombwe. Wapinzani wa gesi wakaona mlango. Wenye ardhi wakianza kukataa mmoja mmoja, kisima kinacholala ubavu kitapita wapi?

Serikali ikaufunga. Ikaitisha maoni mwaka 2014, yakaja zaidi ya 40,000, na asilimia 99 walipinga. Sheria ikapita hivyo hivyo mwaka 2015: chini ya mita 300 kampuni haihitaji tena ruhusa ya mwenye ardhi.

Nilipofika hapo kwenye usomaji wangu nilikumbuka Mtwara. Mwaka 2013 nilikuwa darasa la saba, na nakumbuka watu wazima wakizungumza kwa sauti ya chini mbele ya televisheni. Mtwara hakukuwa na kupasua mwamba wowote, ile ni gesi ya kawaida. Ila swali lilikuwa ndugu wa hili. Desemba 2012 watu waliandamana kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, Januari kukawa na vurugu, na Mei 22, 2013, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa Dodoma na kuthibitisha bomba linajengwa, mji ukawaka. Majengo yalichomwa, wanajeshi wakapelekwa, watu wakafa. Jibu la serikali lilikuwa kwamba gesi ni ya Watanzania wote, na kisheria lilikuwa sahihi kabisa. Sheria ya Petroli ya 2015 inasema hivyo pia. Bomba likazinduliwa Oktoba 2015. Miaka ile ile kampuni ya Kiingereza, BG, ilikuwa inatafuta gesi kwenye bahari yetu ya kusini, wakati nyumbani kwao wanavijiji wanabishana na waziri kuhusu jambo hilo hilo: mali ya taifa, sawa, lakini aliyekaa juu yake anaulizwa lini, kabla au baada?

Turudi Lancashire. Juni 2015 madiwani wa kaunti walikataa ombi la Cuadrilla la kuchimba Preston New Road. Maofisa wao wenyewe wa mipango miji waliwashauri wakubali. Wakakataa kwa sababu ya kelele na kuharibu mandhari, ambazo zinasikika ndogo, lakini diwani hana mamlaka ya kupigia kura sera ya nishati ya taifa. Kampuni ikakata rufaa. Oktoba 2016 waziri Sajid Javid, akiwa London, akautupa uamuzi wa madiwani na kuruhusu. Ndiyo hiyo serikali iliyokuwa ikihubiri kurudisha madaraka kwa wananchi.

Kupasua kukaanza Oktoba 15, 2018. Wiki chache kabla, waandamanaji watatu walifungwa jela kwa kupanda juu ya malori yaliyokuwa yakipeleka vifaa, na Mahakama ya Rufaa ikawatoa ikisema adhabu ilizidi kiasi. Mitikisiko ikaanza, mashine zikizimwa na kuwashwa. Natascha Engel, kamishna wa gesi hiyo aliyeteuliwa na serikali, aliacha kazi Aprili 2019 baada ya miezi sita tu, akilalamika kuwa sharti la 0.5 ni marufuku iliyovaa kanzu ya kanuni. Ana haki ya kusikilizwa. Ila Agosti 26, 2019 likaja la 2.9. Novemba 2, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ikasimamisha kila kitu, na ilani ya Conservative ikaahidi kutoruhusu tena mpaka sayansi ithibitishe usalama.

Februari 2022 mdhibiti aliagiza visima viwili vya Preston New Road vizibwe. Kisha Urusi ikaivamia Ukraine, bei ya gesi ikapaa, na Machi muda ukaongezwa. Kwasi Kwarteng, aliyekuwa waziri wa nishati, aliandika wakati huo kuwa hata wakifungua leo itachukua hadi muongo mmoja, na hakuna kampuni itakayowauzia Waingereza chini ya bei ya soko. Septemba akawa waziri wa fedha wa Truss, serikali iliyofungua. Hata Chris Cornelius, mwanajiolojia aliyeanzisha Cuadrilla, alisema mwezi huo huo kuwa hakuna kitu cha maana kitakachopatikana.

Truss aliweka sharti moja: lazima wenyeji waridhie. Basi wabunge wake wakauliza, wataridhia vipi? Kwa kura? Kwa kura ya nani, kijiji au kaunti? Hakukuwa na jibu lililonyooka. Chama cha Labour kikaleta hoja ya kupiga marufuku, wabunge wa Conservative wakaambiwa ni kura ya imani kwa serikali, kisha dakika za mwisho waziri mmoja akasimama akasema siyo. Walioambiwa wachague kati ya wapiga kura wao na serikali yao hawakujua tena wanachagua nini. Hoja ilishindwa kwa kura 326 dhidi ya 230. Serikali ilishinda kura na kupoteza waziri mkuu ndani ya saa 24. Rishi Sunak alirudisha zuio wiki iliyofuata.

Msije mkadhani imekwisha. Mei 2025 chama cha Reform UK, ambacho viongozi wake wa kitaifa wanataka gesi hiyo ichimbwe, kilichukua halmashauri ya kaunti ya Lancashire, ile ile ya mwaka 2015. Oktoba mwaka huo Ed Miliband, waziri wa nishati wa Labour, akatangaza kuwa wataleta sheria ya kupiga marufuku moja kwa moja. Yaani sasa huenda London ndiyo ikasema hapana na Lancashire ikasema ndiyo. Nimemtumia yule mhariri wangu wa zamani habari hiyo kwa simu. Amenijibu: "Andika ni mgogoro wa uchumi."