Usaili kama Uhakiki: Tamthilia ya Muziki na Mlango wa Chuo Kikuu Nchini Marekani

Kila mwaka, katika miezi ya Januari na Februari, vijana wa Marekani walio katika mwaka wa mwisho wa shule ya sekondari husafiri hadi New York, Chicago na Los Angeles ili kusailiwa na vyuo vikuu vinavyofunza tamthilia ya muziki. Vyuo vingi hukusanyika katika jiji moja kwa siku chache, kila kimoja na chumba chake, na kijana mmoja aweza kupita mbele ya majopo kadhaa kabla ya kurudi kwao. Anachodaiwa ni kidogo kikihesabiwa kwa saa: nyimbo mbili zinazotofautiana, ambazo mara nyingi hukatwa hadi sekunde 60 au 90; monologia, yaani maneno ya mhusika mmoja kutoka katika tamthilia, ya muda kama huo; na zoezi la ngoma linalofunzwa papo hapo kwa kundi zima. Kabla ya safari amekwisha kupeleka kanda ya video yenye mambo hayo hayo, kwani vyuo vingi huchuja kwa kanda kwanza, desturi iliyopata nguvu zaidi baada ya janga la korona la mwaka wa 2020. Darasa la mwaka wa kwanza katika programu zenye sifa huwa na wanafunzi ishirini hivi, na katika baadhi hawafiki hata kumi na watano. Waombaji huhesabiwa kwa mamia. Majibu hutoka katika majira ya kuchipua. Aghalabu hayaambatani na sababu yoyote.

Uchache wa nafasi ni suala la wachumi na la wazazi wanaolipa nauli. Linalomhusu mhakiki wa fasihi ni jingine. Jopo lililoketi nyuma ya meza husikiliza kipande cha matini, hukifasiri, hukilinganisha na vipande vingine, kisha hutoa hukumu. Hiyo ni kazi ya uhakiki, ijapokuwa ni uhakiki usioandikwa na usiojibika kwa msomaji. Makala haya yanadai kwamba usaili wa aina hii ulizaliwa na mabadiliko yaliyotokea ndani ya utanzu wenyewe, lakini kwamba umekuja kuukana utanzu uliouzaa.

Mabadiliko hayo yafaa yaelezwe kwa tuo. Maonyesho mengi ya muziki ya New York mwanzoni mwa karne ya 20 yalikuwa mkusanyiko wa nyimbo, vichekesho na ngoma. Kisa kilikuwa kamba ya kuanikia nguo tu: wimbo uliweza kuondolewa ukawekwa mwingine, na hadhira isihisi pengo. Tarehe 27 Desemba 1927 ilionyeshwa Show Boat, ambayo Jerome Kern na Oscar Hammerstein II waliitunga kutokana na riwaya ya Edna Ferber iliyochapishwa mwaka uliotangulia. Hapo wimbo ulianza kubeba ploti na tabia ya mhusika. Mwaka wa 1943, katika Oklahoma!, Hammerstein na Richard Rodgers waliufikisha mradi huo mbali zaidi, naye Agnes de Mille akaitumia ngoma kufichua hofu ya msichana Laurey ambayo msichana mwenyewe hawezi kuitamka. Wimbo, neno na mwendo wa mwili vilifanywa kuwa lugha moja.

Hata hivyo, katika onyesho la kwanza la Oklahoma! umoja huo ulikuwa wa matini zaidi kuliko wa mwigizaji. Ndoto ya Laurey haikuchezwa na aliyemwigiza Laurey. Ilichezwa na mchezaji mwingine aliyesimama badala yake, na mpenzi wake Curly pia alikuwa na mchezaji wake. Mtunzi alikuwa ameunganisha fani tatu, lakini hakukuwa na watu wa kutosha walioziunganisha katika miili yao. Miaka 14 baadaye, katika West Side Story ya 1957, Jerome Robbins alikataa mgawanyo huo. Vijana wa magenge mawili yanayopigana walipaswa kuimba, kuigiza na kucheza wao wenyewe, kwa kuwa ugomvi wao umo katika ngoma kama ulivyomo katika maneno. Ndipo utanzu ulipodai msanii wa aina mpya, na swali likawa ni wapi atakakotoka.

Awali mwigizaji alijifunzia kazini, katika vodevili na katika makundi ya waitikiaji. Aliyetaka elimu rasmi aliisaka vipande vipande: sauti katika chuo cha muziki, ngoma kwa mwalimu wa ngoma, uigizaji katika idara ya drama. Carnegie Institute of Technology ya Pittsburgh ilikuwa imeanzisha shahada ya drama tangu mwaka wa 1914, ya kwanza nchini humo. Lakini programu inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya shahada ya tamthilia ya muziki ilianza mwaka wa 1968 katika chuo cha muziki cha Chuo Kikuu cha Cincinnati. Nyingine zilifuata, hasa kuanzia miaka ya 1980. Chuo kikuu kilikuja kuitikia wito wa matini: tamthilia iliyoungana ilihitaji mafunzo yaliyoungana.

Kinaya kimo mlangoni. Ili kumpata msanii wa tamthilia iliyoungana, chuo humtaka mwombaji aikate tamthilia. Wimbo wa Broadway wa miongo ya 1920 hadi 1950 kwa kawaida ulikuwa na vipimo 32 vya muziki, vilivyogawika katika sehemu nne za vipimo vinane: ya kwanza, ya pili na ya nne zikifanana, ya tatu ikigeuza mkondo. Kipande mashuhuri cha usaili, yaani vipimo 16, ni nusu ya wimbo kama huo. (Msomaji aliyelelewa katika arudhi ya Kiswahili atakumbuka mshororo wa mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Mfanano huo ni wa bahati tu na usibebeshwe nadharia. Lakini na ajiulize lingebaki nini la shairi ikiwa malenga angeamriwa asome utao mtupu.) Aghalabu nusu inayochaguliwa ni ile ya mwisho, kwa kuwa ndiko iliko noti ya juu. Mhusika anafika kileleni bila kupanda mlima. Jopo linasikia sauti ilivyo na nguvu. Haliwezi kusikia ni kwa nini mhusika aliacha kusema akaanza kuimba, ilhali hilo ndilo swali ambalo Kern na Hammerstein walilileta jukwaani.

Mfano wa Show Boat unatosha. Wimbo maarufu zaidi wa tamthilia hiyo, unaohusu mto Mississippi, huimbwa na Joe, mchukuzi Mweusi wa gatini, na hurudiwa katika kisa kinachopita takriban miaka 40. Wazungu wa kisa hiki huoana, huachana, hufilisika na kuzeeka. Joe hubaki pale pale akibeba mizigo, na marudio ya wimbo ndiyo yanayotuonyesha kwamba wakati umepita kwa wengine na si kwake. Paul Robeson, aliyeuimba London mwaka wa 1928, alikuja kubadilisha maneno yake katika matamasha, akayageuza ya mwisho yatoke kwenye uchovu yaelekee kwenye mapambano. (Robeson huyu ndiye aliyesoma Kiswahili katika miaka ya 1930, katika chuo cha London kiitwacho leo SOAS.) Badiliko lake lilieleweka kwa sababu hadhira iliyafahamu maneno ya awali. Ukiuondolea wimbo huo mwanzo wake na marudio yake, kinachobaki ni mazoezi ya sauti nzito.

Vyuo vina jibu, na si jibu la kupuuzwa. Majaji hawana siku nzima kwa kila kijana, na mwalimu mzoefu hutambua mengi katika dakika moja. Aidha, baadhi yao humsimamisha mwombaji na kumwomba aimbe tena kana kwamba anamwambia mtu fulani jambo fulani, wapate kuona kama anaweza kubadilika. Hapo chembe ya tamthilia hurejea chumbani. Lakini taratibu zenyewe zinaelekea upande mwingine. Waombaji hutakiwa mara nyingi kuleta wimbo mmoja wa kabla ya katikati ya miaka ya 1960 au karibu na hapo, na mwingine wa baadaye, hata historia nzima ya utanzu ikawa masanduku mawili. Mwombaji mwingine huarifiwa kwamba hakupata tamthilia ya muziki lakini aweza kupewa nafasi ya uigizaji mtupu. Kile ambacho utanzu ulikiunganisha tangu 1927, barua ya chuo imekitenganisha tena.

Kuna jambo zito zaidi. Chuo hakimpimi mwombaji peke yake; kinajenga darasa litakaloweza kuonyesha tamthilia, na kwa hiyo kinahitaji sauti za juu na za chini, wachekeshaji na wapenzi, wa kimo hiki na wa umbo lile. Uteuzi wa wanafunzi unakuwa ugawaji wa nafasi za wahusika. Kijana wa miaka 17 anapokosa nafasi, huenda si kwa sababu aliimba vibaya bali kwa sababu mwingine wa aina yake amekwisha kuchukuliwa. Neno "aina" ndilo la kuchunguzwa. Aina hutoka katika tamthilia zilizokwisha kuandikwa. Usaili wa chuo huichukulia matini kuwa imekamilika, na mtu kuwa ndiye wa kupunguzwa hadi aenee ndani yake.

Si lazima iwe hivyo, na historia ya utanzu huu inathibitisha. A Chorus Line ya mwaka wa 1975, iliyoonyeshwa Broadway mara 6,137, ni tamthilia ya usaili: wachezaji 17 wanagombea nafasi nane. Michael Bennett aliianza mwaka wa 1974 kwa kuwakusanya wachezaji ngoma na kunasa masimulizi yao kwenye kanda. Maisha ya waliozoea kukaa nyuma ya mwimbaji yakawa matini. Kwa kejeli ya mambo, baadhi yao walilazimika baadaye kusailiwa kwa nafasi zilizotungwa kutokana na maisha yao wenyewe. Kwa wasomaji wa Kenya ulinganisho uko karibu. Huko Kamĩrĩthũ mwaka wa 1977, usaili na mazoezi ya Ngaahika Ndeenda, tamthilia iliyojaa nyimbo na ngoma, vilifanywa hadharani, na wanakijiji wakawasahihisha Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩrĩĩ katika lugha na katika historia. Waliosailiwa walikuwa pia wahakiki wa matini.

Mfano wa zamani zaidi ndio unaoeleza zaidi. Anne Brown alizaliwa Baltimore mwaka wa 1912. Chuo cha muziki cha Peabody, kilichokuwa katika jiji lake, hakikumpokea kwa kuwa alikuwa Mweusi; akaenda Juilliard, New York, akiwa na umri wa miaka 16. Alikuwa angali mwanafunzi aliposikia kwamba George Gershwin anatunga opera kutokana na Porgy, riwaya ya DuBose Heyward ya mwaka wa 1925. Alimwandikia barua, akaitwa. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliimba nyimbo za Brahms na nyinginezo alizofunzwa chuoni, kisha Gershwin akamwomba wimbo wa kiroho wa Wamarekani Weusi. Ombi hilo lilimuudhi. Alijua linakotoka: msikilizaji ana aina yake kichwani, na mwimbaji Mweusi anatakiwa aijaze. Alisema hivyo, au alionyesha hivyo waziwazi, na Gershwin akaelewa. Baada ya hapo ndipo alipouimba, bila kinanda, kwa hiari yake.

Katika miezi iliyofuata Brown alirudi mara kwa mara kuimba sehemu za opera kadiri zilivyotungwa. Nafasi ya Bess, iliyokuwa ndogo katika riwaya, ikakua. Porgy and Bess ilipoonyeshwa New York tarehe 10 Oktoba 1935, jina la mwanamke lilikuwa limeingia katika anwani. (Sababu nyingine ya jina hilo hutajwa pia, nayo ni haja ya kuitofautisha opera na tamthilia ya 1927 iliyoitwa Porgy tu. Sababu hizo mbili hazigombani.) Todd Duncan, aliyemwigiza Porgy, alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Howard na alikuja kusailiwa na wimbo wa Kiitaliano, si wa kiroho. Mwaka wa 1936 yeye na wenzake walikataa kuimba katika National Theatre ya Washington hadi Weusi na Weupe waruhusiwe kuketi pamoja, na wakashinda. Waliochaguliwa kuijaza matini walikuwa wameibadilisha, pamoja na ukumbi iliyoonyeshwa.

Brown alihamia Norway mwaka wa 1948. Mwaka wa 1998 Peabody ilimtunuku medali yake. Alifariki Oslo mwaka wa 2009.