Mawe Mekundu ya Roma

Ninyi mkaao Lubunga, ng'ambo ya mto, mwajua kazi ya matofali: udongo hukandwa, hukaushwa, huchomwa. Nayo majumba mengi makubwa ya Roma ya kale yalijengwa kwa matofali na chokaa. Marimari tunayoistaajabia mara nyingi ilikuwa ngozi tu. Mafundi walipasua jiwe kwa msumeno usio na meno, kwa mchanga na maji, wakapata vibao vyembamba, wakavibandika ukutani.

Mawe mengi ya thamani yalitoka Afrika yetu. Ya manjano yalichimbwa Simitthus, katika Tunisia ya leo. Mekundu, yaitwayo porfiri, yalitoka mlimani katika jangwa la Misri, kati ya mto Nili na Bahari ya Sham. Yote mawili yamo sakafuni mwa Panteoni, hekalu la wapagani lililofanywa kanisa mwaka 609.

Na tukae kidogo penye machimbo yale mekundu. Wakati wa mateso makuu Wakristo wengi walihukumiwa kufanya kazi humo. Eusebio, Askofu wa Kaisaria, aliyeishi siku zile, aliandika kwamba mnamo mwaka 308 wanaume 97, pamoja na wanawake na watoto wachanga, walitolewa huko wakapelekwa Palestina. Walipozidi kumkiri Kristo, liwali aliamuru mishipa ya mguu wao wa kushoto ichomwe kwa chuma cha moto, na jicho la kuume ling'olewe. Kisha wakapelekwa tena migodini, wakichechemea.