Mali, Sifa na Hamu ya Kutazamwa: Funzo kutoka Bonde la Kilombero

Je, mwanadamu anataka kweli mali, sifa na umaarufu? Mimbarani swali hili hupewa jibu la haraka: ndiyo, anavitaka, na hiyo ndiyo dhambi yake. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi, kwa kuwa linachanganya mambo ambayo historia huyatenganisha. Kutaka mali ni jambo moja, kutaka sifa ni jingine, na kutaka kutambuliwa ni la tatu. Makala hii inakusudia kulipima swali hilo kwa historia ya utafiti wa malaria katika bonde la Kilombero, kisha kulileta mbele ya theolojia ya Martin Luther.

Mwaka 1949 mwanazuolojia Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alifika Ifakara, mahali ambapo wamisionari Wakapuchini walikuwa wakihudumu. Huyu alikuwa mtu wa ukoo wa Geigy, wenye kampuni mashuhuri ya kemikali. Hakuhitaji kuja kuchunguza papasi na mbu wa Kilombero ili apate mali. Mwaka 1957 maabara ilijengwa. Kutokana na mwanzo huo ilikua taasisi ambayo leo inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara, na kituo chake cha Ifakara kiko Mlabani.

Katika miaka ya 1990 bonde hili lilitazamwa na ulimwengu. Mwanasayansi wa Kolombia, Manuel Elkin Patarroyo, alikuwa amebuni chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66. Ilijaribiwa katika kijiji cha Idete kwa watoto 586 wenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalikadiria kwamba chanjo hiyo ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 31. Patarroyo alilikabidhi Shirika la Afya Duniani haki za chanjo yake, na mwaka huohuo wa 1994 alitunukiwa Tuzo ya Mwana wa Mfalme wa Asturias huko Hispania. Basi mali aliiachia, na sifa ikamjia. Lakini majaribio ya Gambia mwaka 1995 na ya Thailand mwaka 1996 hayakuonyesha kinga ya kutegemewa, na chanjo hiyo ikaachwa. Hatuhukumu moyo wake. Tunaona tu jinsi sifa ilivyo: huja kwa haraka na kuondoka kwa haraka, hata kwa mtu aliyekwisha kuikataa mali.

Kuanzia mwaka 1997 kazi nyingine ilifanyika katika wilaya za Kilombero na Ulanga bila vishindo. Vyandarua vyenye dawa, kwa jina la Zuia Mbu, viliuzwa vijijini kupitia wenye maduka, viongozi wa vijiji, watumishi wa afya, na hata watumishi wa dini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba matumizi ya vyandarua hivyo yalihusiana na kupungua kwa vifo vya watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Hakuna tuzo ya kimataifa kwa mwenye duka aliyemshawishi jirani yake anunue chandarua. Hata hivyo jirani alimjua. Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema kwamba mcheza kwao huwa mashuhuri. Walisema kwamba wanaomjua humwona na kumshukuru.

Hapa ndipo Luther anapotusaidia. Katika ufafanuzi wake wa Wimbo wa Mariamu, wa mwaka 1521, anaeleza kwamba macho ya wanadamu hutazama juu siku zote, penye heshima, mamlaka, mali na elimu. Penye umaskini na aibu huyageuza. Mungu, kwa kuwa hakuna aliye juu yake, hutazama chini. Kwa hiyo Mariamu hajisifii unyenyekevu wake. Anashangilia kwamba ametazamwa. Vivyo hivyo Hajiri, mjakazi aliyekimbilia jangwani (Mwanzo 16), hakuomba umaarufu. Alimwita Mungu kwa jina la yeye aonaye.

Basi jibu letu ni hili: chini ya tamaa ya mali na sifa imo hamu iliyo ya kale zaidi, ambayo si dhambi, yaani hamu ya kutazamwa na mwenye kutujali. Dhambi huanza tunapoitafutia shibe mahali pasipoweza kushibisha. Mzee wa Kanisa anayegombania jina lake liandikwe kwenye jiwe la msingi, na mchungaji anayekasirika cheo chake kisipotajwa, wana njaa ya kweli. Ila chakula walichokichagua hakishibishi.

Lakini tuwe waangalifu. Fundisho hili laweza kugeuzwa kuwa kisingizio. Tusimwambie mwinjilisti wa mtaa kwamba Mungu anamwona, huku sisi tukimpunja posho yake. Yakobo 5:4 inatufundisha kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio hicho humfikia Bwana. Mwenye kuamini kwamba Mungu hutazama chini, naye hana budi kutazama chini: kuwalipa watendakazi kwa haki, kuwajua washarika kwa majina yao, na kuwashukuru wangali hai, wala si kungoja siku ya maziko, wasifu unaposomwa mbele ya jeneza.