Mtaji wa Asiye na Fedha: Biashara Ndogo Usukumani Tangu Enzi za Misafara Hadi Maduara ya Dhahabu

Didia, kata ya Wilaya ya Shinyanga iliyo kando ya barabara itokayo mjini Shinyanga kwenda Tinde, imo katika nchi ambayo tangu karne ya 19 imepitishiwa pembe za ndovu, majembe, ng'ombe, pamba na dhahabu. Wenyeji wa nchi hiyo, Wasukuma pamoja na jirani zao Wanyamwezi na Wasumbwa, wamezoea kuandikwa katika vitabu kama wakulima na wafugaji, huku jina la mfanyabiashara likiachiwa Mwarabu, Mhindi au kampuni ya kigeni. Mazoea hayo yanapotosha, kwa sababu yanaficha jinsi kijana asiye na fedha alivyojipatia mtaji wa kwanza.

Nchini Nigeria, Waigbo wana jibu mashuhuri la swali hilo. Katika utaratibu wao uitwao igba boi, kijana huishi kwa mfanyabiashara na kumtumikia kwa miaka kadhaa bila mshahara, na muda ukitimia bwana wake humpa fedha na bidhaa za kuanzia duka lake mwenyewe. Biafra, dola yenye Waigbo wengi iliyojitenga na Nigeria, ilishindwa vitani mwaka 1970, na utaratibu huo ukawa miongoni mwa nguzo za kuirudishia jamii hiyo biashara yake. Usukumani mtaji haukutoka kwa bwana mmoja. Ulitoka katika kundi, na malipo ya jasho yalikuwa fungu zaidi kuliko mshahara.

Chanzo cha kale kinachojulikana vizuri ni upagazi, yaani kazi ya kubeba mizigo ya misafara kati ya bara na pwani, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa kwa vijana wa Unyamwezi na Usukuma jambo la heshima, hata aliyewahi kufika pwani akahesabiwa kuwa mwanamume kamili. Mpagazi alilipwa kwa vitambaa na shanga, akapewa posho ya njiani, na mara nyingi akabeba pia bidhaa zake ndogo za kuuza, kwa hiyo alirudi nyumbani akiwa amelipwa na amefanya biashara. Majembe ya chuma yaliyofuliwa na Walongo, wahunzi wa upande wa Geita ya leo, yalifika hadi soko la Tabora, na kwa kuwa yalipokelewa pia kama mahari, yalikuwa bidhaa na sarafu kwa wakati mmoja.

Faida ya safari ilihifadhiwa katika ng'ombe, nao hawakuwekwa zizi moja. Mwenye mifugo mingi aliwagawa ng'ombe wake kwa jamaa na marafiki wa vijiji mbalimbali, na mtunzaji akanufaika kwa maziwa na samadi, pengine na ndama. Hivyo maskini alianza ufugaji bila kununua, na tajiri alijikinga dhidi ya maradhi na uvamizi, ingawa kinga hiyo haikutosha sotoka ilipoangamiza mifugo ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890.

Sehemu ya historia hii inayostahili kukumbukwa zaidi ni ya pamba. Vijana wa Kisukuma walikuwa na vikundi vya kulima kwa zamu chini ya kiongozi aitwaye nsumba ntale, na mazoea hayo ya kazi na nidhamu yalikuwa tayari pale wakulima walipoanza kulalamikia mizani ya wanunuzi. Paul Bomani, aliyekuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, alikuwa mstari wa mbele katika kuwaunganisha, na wakulima wakaweka wapimaji wao wenyewe vituoni ili kuhakiki uzito. Chama cha wakulima cha Jimbo la Ziwa kiliundwa mwaka 1952, Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria likafuata mwaka 1955, na mwishoni mwa muongo huo vyama hivyo vilinunua karibu pamba yote ya jimbo. Ushirika huo ulijengwa kutoka chini, jambo linalofanya uamuzi wa serikali wa mwaka 1976 wa kuvunja vyama vikuu kuwa hasara kubwa. SHIRECU, chama kikuu cha Shinyanga kilichoundwa mwaka 1984, kilirithi jina la ushirika zaidi ya nguvu zake.

Pamba ilipodhoofika, vijana wengi walielekea kwenye dhahabu. Mgodi wa Geita wa enzi ya ukoloni ulifungwa mwaka 1966, lakini uchimbaji mdogo uliongezeka sana katika miaka ya 1980 na 1990, na hata baada ya wachimbaji kuondolewa Bulyanhulu mwaka 1996 haukukoma. Katika duara, yaani shimo la kuchimbia, mchimbaji kwa kawaida halipwi mshahara: mwenye duara hugharimia chakula, magogo ya kuzuia kuta na vifaa, na mawe yakipatikana mifuko hugawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji, kila mmoja akisaga na kuuza fungu lake. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamtambua mwenye leseni, na soko la madini lililofunguliwa Geita Machi 2019 linamtambua mwenye dhahabu mkononi, lakini mgawanyo wa mifuko, ambao ndio mtaji wenyewe wa kijana anayetoka shambani, kwa sehemu kubwa bado unategemea makubaliano ya mdomo.