Wookiee the Chew

Wookiee the Chew ni mfululizo wa michoro ya mchoraji James Hance, mfano maarufu wa sanaa ya mashabiki inayochanganya hadithi za watoto na filamu za kubuni za kisayansi. Unaunganisha Winnie-the-Pooh, kitabu cha A. A. Milne cha mwaka 1926, na filamu ya George Lucas, Star Wars (1977). Chewbacca, jitu lenye manyoya la Star Wars, anakuwa dubu mdogo kama Pooh. Mwenzake Han Solo anakuwa mtoto anayemshika mkono, mahali pa Christopher Robin, mvulana rafiki wa Pooh.

Nguvu ya michoro hii imo katika kuufuata kwa uaminifu mtindo wa E. H. Shepard, mchoraji wa vitabu vya Milne: mistari myembamba ya wino, vivuli vya mikwaruzo, na nafasi kubwa nyeupe kuwazunguka wahusika.

Kisheria, kazi za aina hii hugusa haki za pande mbili. Disney ilipata haki za Pooh mwaka 1961, ikainunua Lucasfilm, kampuni ya Star Wars, mwaka 2012. Nchini Marekani kitabu cha 1926 kiko huru kutumiwa na yeyote tangu Januari 1, 2022. Chewbacca bado analindwa. Uingereza, michoro ya Shepard, aliyefariki 1976, inalindwa hadi mwisho wa 2046.