AFYA: Nimonia inayovizia mapafu ya wenye kinga dhaifu

Mnamo Juni 5, 1981, shirika la kudhibiti magonjwa la Marekani, CDC, lilichapisha ripoti fupi kuhusu vijana watano wa Los Angeles waliougua nimonia adimu. Wawili kati yao walikuwa tayari wamefariki. Ripoti hiyo ndiyo iliyoujulisha ulimwengu kwa mara ya kwanza kuhusu maradhi ambayo baadaye yaliitwa Ukimwi.

Nimonia yenyewe husababishwa na kimelea cha jamii ya kuvu kiitwacho Pneumocystis jirovecii. Kimelea hiki huenea kwa hewa, na watu wengi hukipata tangu utotoni bila kudhurika. Lakini kinga ya mwili inapodhoofika, huzaliana katika vifuko vya hewa vya mapafu na kuzuia oksijeni kuingia katika damu.

Walio hatarini zaidi ni watu wanaoishi na virusi vya HIV ambao chembechembe zao za CD4 zimeshuka chini ya 200, na watoto wachanga wenye virusi hivyo, hasa wa kati ya miezi mitatu na sita. Wengine ni waliopandikizwa viungo, wagonjwa wa saratani na wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu.

Dalili zake ni homa, kikohozi kikavu na kuishiwa na pumzi kunakozidi siku baada ya siku. Mgonjwa huweza kushindwa hata kupanda ngazi chache, ilhali daktari akikisikiliza kifua asisikie kasoro yoyote. Picha ya eksirei nayo huweza kuonekana safi mwanzoni. Aidha, ugonjwa huu hufanana na kifua kikuu, na mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili. Ndiyo maana ni muhimu makohozi yapimwe.

Tiba kuu ni dawa ya kotrimoksazoli, maarufu kama septrin, ambayo hutolewa kwa kiwango kikubwa kulingana na uzani wa mgonjwa kwa siku 21. Aliyezidiwa hulazwa na kupewa dawa hiyo kupitia mshipa. Ikiwa oksijeni katika damu imepungua mno, huongezewa prednisoni katika saa 72 za kwanza ili kutuliza uvimbe mapafuni, kwani vimelea vinapokufa uvimbe huzidi. Kwa sababu hiyo, hali huweza kuzorota siku za mwanzo; hilo lisimfanye mgonjwa aache dawa.

Anayetokwa na vipele baada ya kumeza septrin amwone daktari mara moja, kwa kuwa zipo dawa mbadala. Asiyekuwa akitumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi huanzishiwa katika muda wa majuma mawili.

Septrin hiyo hiyo, ikimezwa kila siku kwa kiwango kidogo, huzuia maradhi haya. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi huanza kupewa akiwa na umri wa kati ya wiki nne na sita, hadi ithibitishwe kwamba hakuambukizwa.

Wako wanaoiacha dawa hii punde wanapopata nafuu, bila idhini ya daktari. Wakumbuke kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.