Nyimbo za Franco katika Album Moja: Nani Anachagua?

Wazee wanasema: mali bila daftari huisha bila habari. Muziki wetu nao ni mali. Basi tujiulize, daftari lake liko wapi?

Franco Luambo alizaliwa Sona-Bata mwaka 1938. Mwaka 1953 alianza kurekodi kwa Loningisa, nyumba ya diski ya Mgiriki Papadimitriou huko Léopoldville. Mwaka 1956 yeye na wenzake wakaanzisha OK Jazz. Diski ya wakati ule ilikuwa ya mizunguko 78, nzito, yenye kuvunjika sawa sahani ya chakula. Kila upande ulibeba wimbo mmoja wa dakika tatu hivi. Kisha zikaja diski ndogo za mizunguko 45. Wimbo ukiwa mrefu, uligawanywa: kipande cha kwanza upande huu, kipande cha pili upande ule. Sebene ikikatika, ulipaswa kugeuza diski mbio, watu wasirudi kukaa.

Huko Uingereza, orodha ya diski zenye kuuzwa sana ilianza kuchapishwa gazetini mwaka 1952. Mwenye kukusanya nyimbo za "namba moja" kule anafungua orodha tu. Kwetu, nganda ndiyo ilihukumu. Wimbo uliopendwa ulirudiwa mpaka diski ikalika. Lakini hukumu ya nganda haikuandikwa. Ndiyo maana, kwetu, kuchagua ni kazi ya mtu na masikio yake.

Franco alikufa tarehe 12 Oktoba 1989. Mwaka 2008 nyumba ya Sterns ya London ilitoa Francophonic, CD mbili za nyimbo zake toka 1953 hadi 1980. Sehemu ya pili, ya miaka 1980 hadi 1989, ilifuata mwaka 2009. Mwenye kuzipanga, Ken Braun, aliziongezea kijitabu cha maelezo. Ni kazi nzuri, tushukuru. Lakini hesabu ni ngumu: CD moja haifiki hata dakika 80. Nyimbo za zamani zinaingia nyingi, lakini Mario ya mwaka 1985 peke yake inapita dakika 10. Kila wimbo mrefu unaoingia unafukuza fupi kadhaa.

Kuna jambo lingine. Jina kubwa juu ya album linafunika majina madogo. Mabele, mwaka 1974, iliimbwa na Sam Mangwana, na aliyeitunga ni Simaro Lutumba. Mtoto wa leo anasema "wimbo wa Franco". Kweli, ni wa orkestra yake, lakini kazi ya Simaro inapotea pale ambapo hakuna aliyeandika.

Hata huku Katanga tuna deni. Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Kama Tracey asingepita na mashine yake, tungekuwa na nini mkononi?

Ndugu wasomaji, wazee waliocheza mbele ya zile diski wanaondoka mmoja mmoja. Tusingojee album itoke London. Tuchukue kayé na kalamu, tuwaulize: wimbo gani ulirudiwa sana kwenu, nani aliutunga, nani alipiga gitaa? Hapo ndipo daftari letu linaanzia.